Pua ya Kaisari

Nyundo ilitua, pua ya Kaisari ikadondoka sakafuni. Mji mzima ulisema ameuawa, na sura ya Kaisari aliyeangushwa huchongwa upya iwe ya mrithi wake. Hilaro, fundi wa sanamu, hakutaka kuchelewa.

Mlango ukagongwa. Akaitupia sanamu shuka.

Askari aliingia na vumbi hadi kwenye nyusi. "Fundi, ule ulikuwa uvumi tu. Kaisari yu mzima, jioni anaingia mjini. Sanamu yake ipo?"

"Ipo, afande. Naing'arisha."

Mkewe Hilaro aliikanyaga pua, akainama kama anayepuliza moto, akaitumbukiza kwenye chungu cha dengu.

Askari alinusa, akavua kofia ya chuma, akaketi.

"Mama, tangu jana sijatia kitu mdomoni. Nipakulie. Na uchote chini, kule kwenye uzito."