Kibao Shingoni

Mpaka Alhamisi mchana kibao kilikuwa bado shingoni mwa Leonce, na kamba ya katani ilikwisha kumchora mstari mwekundu kama mbuzi wa mnadani.

Kilikuwa kipande cha mbao, ukubwa wa daftari, kimeandikwa kwa rangi nyeupe: "I must speak English." Sheria ya ile sekondari mpya ya binafsi pale Songea ilikuwa nyepesi kuieleza, ngumu kuiishi. Ukinaswa unasema Kiswahili, au Kingoni, au Kiyao cha kwenu, unavishwa. Unakivaa mpaka umnase mwenzako. Ukiteleza tena nacho shingoni, fimbo sita. Na atakayekutwa nacho kwenye paredi ya Ijumaa, Jumamosi ya wageni anafyeka nyasi nyuma ya mabweni. Mgeni wake hamwoni.

Leonce alivishwa Jumatatu, uji wa moto ulipommwagikia mguuni akaita, "Mama wee!" Sasa angeungua kwa Kiingereza?

Na mama ndiye aliyekuwa anakuja. Mama Lukresia alikuwa anatoka Mbinga kwenda Dar es Salaam kufanyiwa operesheni ya macho, akapanga kupita Jumamosi ile amtazame mwanawe. Daktari hakumwahidi kwamba baada ya hapo ataona mtu tena.

Kwa hiyo Leonce aliwinda. Lakini amnase nani? Mwenye kibao akitokea, darasa zima linageuka la mabubu. Watu wanaazimana kalamu kwa nyusi. Mmoja tu ndiye aliyekuwa hamkimbii: Mwanaisha, msichana aliyehamia wiki iliyopita kutoka Nalasi, kule Tunduru.

Hakimbii kwa sababu hana haja, ndivyo ilivyosemwa. Baba yake ana mikorosho, na tangu biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa watu binafsi, wanunuzi wa kigeni wanafikia nyumbani kwao. Huyo Kiingereza kakikuta mezani. Mwalimu Egidi wa Kiingereza alipobandika ukutani karatasi ya manila yenye ukoo mzima wa can, may, must, should na might, kila mmoja na sentensi yake ya mfano, wengine walitoka na kichwa kinagonga. Mwanaisha alibaki amesimama mbele ya karatasi ile mpaka kengele ya chakula ikalia. Ikasemekana anakagua makosa ya mwalimu.

Jumanne Leonce alimwangushia ndoo karibu na vidole vya mguu, akitumaini ataruka na "Yalaa!" Mwanaisha aliruka kweli. Kisha akatazama juu ya kichwa cha Leonce, kama mtu anayesoma karatasi mawinguni, akasema taratibu, "You should be careful."

Mwalimu Egidi alikuwa anapita. Alifurahi mpaka akaamuru darasa limpigie binti makofi. Leonce naye akapiga, kibao kikimgonga kifuani.

Jumatano alimwuliza, kwa Kiingereza maana fimbo sita si mchezo, kama amekwisha kula. Alitaka amzoeze maongezi, ulimi ulegee.

"I might," alijibu Mwanaisha.

Leonce alikaa na jibu hilo kipindi kizima cha hesabu. Huenda amekula? Waliobobea ndivyo wanavyojibu, alijiambia. Hawataki ujue ya tumboni mwao.

Ndiyo maana Alhamisi ile mchana aliacha ujanja. Alimfuata bombani akamweleza yote kwa Kiingereza chake cha kuokoteza: mama, macho, Dar, Jumamosi. Nisaidie. Neno moja tu la Kiswahili, hata "maji". Nipokee hiki kibao, wewe huna mgeni, kwenu ni mbali. Sauti ikamkatika, ikabidi amalizie kwa mikono.

Mwanaisha alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Macho yakapanda juu ya kichwa cha Leonce, yakashuka.

"You must wait," akasema, tena kwa upole.

Leonce aliipiga ndoo teke ikaenda kugonga ukuta. Asubiri nini? Operesheni ipite? Roho ya korosho, aliwaza, na ndiko anakotoka.

Ijumaa, kwenye paredi, kibao kilikuwa chake.

Jumamosi alifyeka. Nyuma ya mabweni alisikia wageni wakicheka uwanjani. Siku hiyo Kiswahili kilikuwa ruksa. Hata Mwalimu Egidi alisikika akiulizia bei ya kahawa. Mara moja tu ikamfikia sauti ya mama yake, ikimsalimu mtu. Akainua kichwa. Kiranja aliyekuwa akimsimamia akakohoa. Akainamisha kichwa, akainua fyekeo.

Saa sita geti likafungwa. Kiranja alipokwenda kula, Mwanaisha akatokea kwenye kona ya bweni, mbio, amekumbatia furushi la kanga.

"Kaka Leonce! Mama yako kaniachia hii." Kumbe Kiswahili chake kilikuwa cha kukimbia, na Kiyao kikichungulia ndani yake. "Masikini, alikuwa anasogea karibu kabisa na uso wa kila mvulana anayepita. Nikakaa naye. Kaniuliza umekosa nini hata wakufiche, nikakosa la kumjibu. Kaondoka analia."

Leonce hakulipokea furushi.

"Umekosa la kumjibu?" Fyekeo lilimtoka mkononi. "Wewe? Si nilikuja bombani nikakwambia yote? Si nilikuomba mpaka nikaishiwa sauti?"

Mwanaisha alitazama huku na huku, kana kwamba kibao kingeweza kumrukia hata siku ya ruksa.

"Ndicho kilichonileta, kaka," akanong'ona. "Siku ile bombani, uliomba nini?"