Jino la Nyegere na Utafiti wa Daktari Korongo

Siku zile wanyama walipojijengea zahanati, Nyegere alifika kwa Daktari Korongo akiwa hajala siku tatu kwa sababu ya jino bovu.

Kabla hajafungua mdomo, Korongo akashangilia. "Unachechemea! Wewe ni wa arobaini. Kila mgonjwa wangu anachechemea, na utafiti wangu umethibitisha kuwa hii ni tauni ya miguu."

"Dokta, mimi naumwa jino."

"Jino halimo kwenye utafiti, bwana. Lete mguu."

Nyegere akashusha pumzi. "Tunachechemea kwa miiba uliyoitandaza mlangoni ili Fisi asiibe dawa!"

"Mbona mimi naingia kila siku na haijanichoma?"

"Wewe unaruka, unapitia dirishani!"

"Kwani daktari hapa ni nani, mimi au wewe?"

Uvumilivu ukamwisha Nyegere. Akafunga dirisha, akasimama mbele yake. "Leo utatokea mlangoni kama sisi."

Hatua mbili tu, Korongo akapiga ukelele. "Mama yangu! Nimeambukizwa!"

Kwa hasira Nyegere akaung'ata mwiba uliomchoma daktari unyayoni, akauvuta kwa nguvu zote. Mwiba ukatoka, na lile jino bovu likatoka nao.

"Sasa umeona?" akauliza, mdomo umejaa damu.

"Nimeona," akajibu Korongo, tayari anaandika. "Dawa ya tauni ya miguu ni jino la nyegere."

Kesho yake wagonjwa thelathini na tisa walijipanga nje ya shimo la Nyegere, wakichechemea, wanataka meno yaliyobaki. Asiyeamini na aende akamhesabu Nyegere meno.