Mifuko Miwili ya Dripu

"Yule fundi kaamkaje?"

Mfamasia alimwuliza muuguzi hivyo kila asubuhi, kabla hata ya kumwulizia binti yake mwenyewe. Mkewe akamkata jicho. "Mwanao ni huyu hapa, baba. Au umemsahau?"

Hakuwa amemsahau. Nyumbani walimwita Chiriku, maana maneno hayakumwisha mdomoni. Sasa ana bomba kooni na mashine inampumulia. Kitanda cha pili alilala fundi mwashi. Wote wawili walitolewa kwenye duka la magodoro lililoungua: Chiriku alikuwa akiuza, fundi akipiga plasta ukuta wa nyuma. Moshi wao ulikuwa mmoja.

"Moshi ulishatoka," daktari alimweleza mama. "Shida sasa ni mwili wenyewe. Damu inamwaga kimeng'enya cha kuua vijidudu, na kimekosa adabu, kinayala mapafu. Dawa yetu inakizuia kimeng'enya hicho. Lakini bado tunaijaribu. Wengine wanapata dawa, wengine maji ya chumvi tu, na kompyuta ndiyo inayopiga kura. Mimi sijui nani kapata nini. Wauguzi nao hawajui."

"Sasa anajua nani?"

Daktari akamtupia jicho mfamasia.

Ndiyo, anajua anayejaza mifuko ya dripu kule chumba cha ndani, anayebandika namba na kufunga mdomo wake. Daktari alikuwa amemsihi amwachie mwenzake kazi hiyo, kwa kuwa mgonjwa ni wa damu yake. "Niache nifanye," alijibu. "Nikikaa bure nitapata wazimu." Wakamwonea huruma, wakamwacha.

Na kura, jamani, ilianguka vibaya. Fundi, dawa. Chiriku, maji ya chumvi. Mfamasia aliisoma kwenye kompyuta, akakalia kreti tupu kwa muda mrefu. Kisha akanyanyuka, akajaza mifuko miwili, akabandika namba, akaipeleka wodini mwenyewe. Ukiitazama, hutofautishi.

"Niambie tu," mkewe alimbana nyumbani. "Kapata dawa?"

"Siruhusiwi, mke wangu."

"Huruhusiwi! Mtoto uliyembeba mgongoni!"

Mfamasia akageukia ukutani, akalia kama mtoto.

Fundi akaanza kupata nafuu. Bomba likatolewa, akaomba uji, na alipouonja tu akaanza utani: "Dada, huu ningeupiga ukutani usingedondoka." Wodi nzima ikacheka. Mfamasia alikuwa amemletea machungwa. Aliyaweka mezani bila kumtazama usoni, akaondoka.

"Kijicho hicho," mfagiaji alinong'ona.

"Nani asingekuwa nacho?" muuguzi akajibu.

Chiriku alifariki asubuhi, mama yake akimsuka nywele. Mama hakupiga kelele. Alimaliza kumsuka upande uliobaki, kwa sababu hakutaka binti yake aende nusu nusu.

Baada ya mazishi kura zikafunguliwa, na mama akaambiwa. Hapo ndipo alipopiga kelele. "Ulijua! Kila siku unampelekea mwanangu maji ya chumvi, kisha unarudi kwangu unakula!" Akafunga nguo zake, akaenda kwa dada yake. Mfamasia hakumzuia mlangoni.

Alirudi kazini kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Daktari alimkuta koridoni, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi na kwa furaha aliyoionea haya. "Pole sana, kaka. Lakini angalau msiba wako haukwenda bure. Matokeo ya wengine yalikuwa nusu kwa nusu, ila hawa wawili ndio walioamua: ajali moja, moshi mmoja, na aliyepata dawa yuko hai. Wakubwa wamekubali. Kuanzia kesho kila mgonjwa wa mapafu anapewa. Andaa mifuko."

Mfamasia alifungua mdomo. Kabla hajasema, fundi akatokea na mfuko wake wa nguo, anakwenda nyumbani kwa miguu yake, wanawe wawili wamemshika shati. Akavuta pumzi ndefu, akaitoa taratibu, akacheka. Kisha akaishika mikono ya mfamasia na kuibusu.

"Dawa yako, mzee wangu. Dawa yako hii imenirudisha kwa wanangu."

Akaibusu tena mikono ile, ambayo kila asubuhi, mlango ukiwa umefungwa, ilibandika namba ya Chiriku kwenye mfuko wa dawa, na namba ya fundi kwenye maji ya chumvi.