Lampu ya Redio ya Baba

Fabiola alishika bisibisi, lakini alisita kuifungua redio ya marehemu baba yake. Amplifaya yake ndogo ya gitaa la besi ilitoa sauti kavu, na wanakwaya wenzake kanisani Musaga walianza kusema afadhali waimbe bila besi. Alikwisha kuunda kisanduku cha umeme cha kuipa sauti joto, iwe nzito na laini. Kilikosa lampu moja tu, ile ya kioo inayokuza sauti katika redio za zamani, na lampu ya aina hiyo ilikuwa ndani ya redio.

"Mama, mi naogopa kuiharibu."

"Toa tu, mutoto wangu. Redio imekufa siku mingi. Baba yako alipenda muziki, hakupenda sanduku."

Lampu ilikuwa na ukubwa wa kidole gumba, kioo chake kimejaa vumbi. Fabiola aliifuta kwa pindo la kitenge, akaichomeka kwenye kisanduku, akakiunganisha na amplifaya, akasubiri. Ndani yake ukawaka mwanga wa rangi ya chungwa.

Akaugusa waya mnene wa gitaa. Sauti ilitoka nzito na laini, vikombe vikatetemeka kabatini.

Mama aliweka kiganja juu ya spika, akafumba macho, akaanza kuimba polepole. Tangu mazishi hakuwa ameimba.

Fabiola hakuthubutu kuacha kupiga.