Kope ya Kulia

"Rahisi ghali, dada," bibi harusi alitania, akiinusa ile praima ya bei chee, krimu inayotangulizwa kwenye kope ili rangi ishike.

"Ndiyo maana tunaijaribu leo, kesho isituumbue. Funga macho."

Dada yake, mpambaji, akampaka kope ya kushoto taratibu kwa ncha ya kidole. Alipohamia kulia, jicho lilikuwa wazi, mboni imepanda juu, limebaki jeupe.

"Acha mzaha. Funga yote mawili."

"Nimefunga."

Akaishusha ile kope kwa kidole. Ikapanda tena. Mdogo wake akacheka kwa woga, na kicheko kikaishia nusu ya mdomo. Nusu nyingine ilining'inia tu.

"Mbona unanitazama hivyo? Nipe kioo."

Mpambaji alikificha kioo mgongoni.

"Dada, nipe kioo."