Stika ya Kioo cha Nyuma

"Baba, tuibandue hii," alisema Corinne nje ya mgahawa, akiikwangua kwa ukucha stika ya chuo kikuu kwenye kioo cha nyuma cha gari langu. Nilishamwambia kwamba nililinunua likiwa nayo. Mkononi alikuwa na stika ya chuo kidogo cha mjini kwetu, kilichompa asubuhi hiyo diploma ya miaka miwili ya fasihi na historia.

Mwenzangu wa kiwandani alikuwa akipita. "Mzee, ndiye huyu msomi wako wa chuo kikuu? Kila siku unatuchosha masikio!"

Ukucha ulisimama. Corinne alinitazama.

"Ndiye mimi, anko," alimjibu, akiificha stika yake ndani ya mkono wa joho.

Kisha akageuka, akaikandamiza kwa kidole gumba ile ncha ya stika ya kiooni iliyokwisha kubanduka.