Mdundo wa Taarifa ya Habari

"Mlango huo usiufunge, mwanangu," mjane alimwambia mpambaji wa kituo cha televisheni, poda ikiwa imefika nusu ya uso.

"Mama, watu wanapita. Watakuona hujakamilika."

"Waone. Uso wangu si siri ya serikali."

Mpambaji alicheka, akauacha wazi. Hakujua kwamba siku chache baada ya kumzika mumewe, mjane huyu alimwita seremala aje ang'oe mlango wa chumba cha kulala. Majirani walitikisa vichwa wakasema ni uchungu wa mume.

Na mume mwenyewe, nani asiyemjua? Ndiye aliyetunga muziki wa taarifa ya habari. Huanza ngoma tupu, ko-ko-ko, ko! ko-ko-ko, ko! kisha tarumbeta zinadakia, na kila nyumba inanyamazisha watoto. Watu wazima na akili zao hubisha hodi kwa marafiki kwa mdundo huo, wakicheka. Mlangoni kwa mjane hakuna aliyebisha hivyo mara ya pili.

Nje ya chumba cha mpambaji, binti wa mjane alimshika mama yake mkono. Binti huyu alizaliwa muziki ukiwa tayari maarufu. Baba aliyemjua yeye ni mzee mpole wa kumbeba mgongoni.

"Mama, nakuomba. Wakikuuliza mdundo ulitoka wapi, sema kama baba alivyokuwa akisema. Aliweka sikio kifuani kwako, akausikia moyo wako. Basi. Studio wanaipa jina lake leo, usije ukatuaibisha."

"Na nikisahau?"

"Wewe? Hujawahi kusahau kitu."

Ni kweli. Miaka yote waandishi wa habari walimfuata mumewe. Yeye alitoa chai, akaondoka. Walipouliza mbona mkewe haonekani mjini, mtunzi alitabasamu huku akichezea funguo zilizoning'inia kiunoni. "Wangu ni wa ndani," alisema. Wakamsifu mke kwa utulivu wake. Yeye mwenyewe hakuna aliyemwuliza neno, na leo angeulizwa mara moja tu.

Studio haikuwa na dirisha. Kuta zilivikwa sponji, na waya wa maikrofoni ulipitishwa ndani ya gauni lake ukamfunga kwenye kiti. Mlango mzito ukafungwa, taa nyekundu ikawaka juu yake. Mjane aligeuka kuutazama.

"Haufunguki?"

"Mpaka kipindi kiishe, mama," mtangazaji alinong'ona. "Tunaingia hewani."

Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, binti aliweka kiganja kifuani kumkumbusha.

Ngoma zikaanza. Ko-ko-ko, ko! Mkono wa mjane ulikuwa umekunja ngumi juu ya paja, unakwenda sawasawa na ngoma bila kukosa pigo. Mtangazaji aliuona, akafurahi kama aliyeokota almasi.

"Watazamaji, hebu tazameni mkono huo! Mama, marehemu alikuwa akisema mdundo huu aliupata kwako. Ulimpaje?"

Binti aligusa kifua tena. Mjane alimtazama, akamwonea huruma. Kisha akautazama mlango.

"Nilikuwa nabisha mlango," alisema. "Nabisha, nabisha, na yeye yuko kwenye kinanda."

"Loo! Kumbe!" Mtangazaji alipiga makofi kwa kicheko. "Wasanii hawa! Mke yuko nje anagonga mpaka mkono unauma, mume kazama kwenye kinanda hata hasikii!"

"Alisikia," mjane alisema. "Ila mimi sikuwa nje, mwanangu. Nilikuwa ndani."